Unasikia Mungu anakuita lakini moyo unakwambia hufai? Tusome Kutoka 3 na 4 pamoja (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa katika usharika wa kijijini, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi. Swali ninaloletewa kuliko yote, hasa na vijana na akina mama, ni hili: "Mtumishi, nasikia Mungu ananiita, lakini mimi sifai. Nitajuaje?" Mmoja hakumaliza kidato cha nne. Mwingine ana kigugumizi. Mwingine ameachika, anaogopa watu watasema nini akisimama mbele. Wenye digrii nao wamo. Maneno machache mlangoni mwa kanisa baada ya ibada hayamtoshi mtu anayeuliza jambo zito namna hii, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Jibu ambalo wengi wetu tunalitoa upesi ni kwamba Mungu haangalii sifa, akikuita atakuwezesha. Ni kweli. Ila ndugu yetu hakuuliza kama atawezeshwa. Aliuliza atajuaje kama ameitwa. Tukimjibu hivyo anaondoka na moyo uliochangamka na swali lake lile lile mkononi. Halafu kuna jambo lingine linalonisumbua: siku hizi watu wameanza kuona kwamba kule kujiona hawafai ndiyo dalili ya wito. "Kama naogopa hivi, lazima ni Mungu." Hapana. Woga ni woga. Unaweza kuogopa jambo ambalo Mungu amekutuma, na unaweza kuogopa jambo ambalo hakukutuma kabisa.

Fungua Kutoka sura ya 3. Tumezoea kukaa kwenye kijiti kinachowaka moto. Leo teremka hadi mstari wa 7. Mungu anapoanza kuizungumzia kazi, hamtaji Musa hata kidogo. Anasema ameyaona mateso ya watu wake walioko Misri, amekisikia kilio chao, anayajua maumivu yao, naye ameshuka awaokoe. Mstari wa 10 ndipo linapokuja neno la kumtuma Musa. Watu wanaoteseka ndio wanaotajwa kwanza. Anayetumwa anatajwa baadaye, kwa sababu yao.

Sasa Musa anajibu nini? "Mimi ni nani, hata niende kwa Farao?" Yeye anaanza na "mimi". Na hapa naomba msome polepole: Mungu hamjibu swali hilo. Hamwambii "wewe ni hodari", hamwambii "wewe ni mtoto wa jumba la Farao, unaijua Misri vizuri". Anamwambia, mimi nitakuwa pamoja nawe. Musa ameuliza habari zake mwenyewe, akajibiwa habari za Mungu. Kisha anapewa ishara ya ajabu: utakapokwisha kuwatoa watu, mtamwabudu Mungu katika mlima huu. Yaani ishara itaonekana baada ya kwenda! Sisi tunaitaka kabla. Kama Gideoni aliyemwomba Mungu ishara kwa ngozi ya kondoo, tunataka ngozi iloane usiku mmoja na ikauke usiku wa pili, ndipo tunyanyue mguu.

Musa anaendelea. Wakiniuliza jina lako, niwaambie nini? Anajibiwa. Wasiponiamini je? Anapewa fimbo, anapewa mkono unaoingia ukoma na kupona. Mimi si msemaji, ulimi wangu ni mzito. Anaulizwa ni nani aliyemfanyia mwanadamu kinywa. Hadi hapo Mungu anamvumilia, hoja kwa hoja. Hoja zinapokwisha, katika 4:13 Musa anasema neno lililokuwa chini ya zote: tuma mtu mwingine. Hapo ndipo hasira ya BWANA inapowaka. Mungu hakukasirikia udhaifu wa Musa hata mara moja. Alikasirika pale udhaifu ulipogeuka kuwa kisingizio cha kukataa. Na hata katika hasira hiyo alimpa Haruni. Mwenye ulimi mzito akapewa ndugu mwenye ulimi mwepesi.

Nenda pia Matendo 7. Stefano anasema mambo mawili ambayo watu wengi hawayaweki pamoja na habari hii. Kwanza, katika mstari wa 22, anasema Musa alifundishwa hekima yote ya Wamisri, akawa hodari wa maneno na matendo. Hodari wa maneno! Ndiye huyu huyu anayesema si msemaji. Pili, anasema Musa alipotimiza miaka 40 alimpiga Mmisri akimtetea ndugu yake, akidhani ndugu zake watafahamu kwamba Mungu anawapa wokovu kwa mkono wake. Hawakufahamu. Akakimbilia Midiani. Tazama basi: akiwa na miaka 40 alijiona anafaa, na hakuna aliyekuwa amemtuma. Akiwa na miaka 80 alijiona hafai, na ndipo akatumwa. Mara zote mbili kipimo alichojipimia hakikumwambia ukweli.

Kwa hiyo ndugu yangu, liweke pembeni kidogo lile swali la "nafaa au sifai". Halitakufikisha popote. Swali la kuanza nalo ni hili: ni watu gani? Mungu amekuonyesha kilio cha nani? Kama huwezi kuwataja watu hao, kama unachokiona kwenye maono yako ni wewe tu umeshika kipaza sauti, subiri. Kama unaweza kuwataja (watoto wa mtaani kwako wasiofundishwa, wagonjwa wa wodi fulani wasiotembelewa, wajane wa jumuiya yenu), basi nenda kwao wiki hii kwa kiasi ulicho nacho. Kwenda kuwaona hakuhitaji cheti.

Kisha mwambie mtu. Samweli aliitwa kwa jina lake usiku, akakimbia kwa Eli, akarudishwa kulala, akaja tena, na tena. Biblia inasema alikuwa bado hajamjua BWANA. Mzee Eli, macho yake yamefifia na nyumba yake iko chini ya hukumu, ndiye aliyetambua kwamba ni BWANA anayemwita mtoto. Mungu angeweza kujitambulisha mwenyewe tangu mara ya kwanza. Aliacha kijana amhitaji mzee, na mzee mwenyewe hakuwa mkamilifu. Paulo naye alitokewa na Kristo njiani Dameski, hakuna wito wa wazi kuliko huo, lakini miaka mingi baadaye tunamkuta Antiokia katikati ya ndugu wanaofunga na kuomba, nao wanamwekea mikono pamoja na Barnaba ndipo wanaondoka.

Niwape na mtu wa huku kwetu. Apolo Kivebulaya alikuwa Mganda, amezaliwa karibu mwaka 1864, aliwahi kuwa askari, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata alikwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, sehemu ambayo leo ni Ituri, Kongo. Alikuwa mwalimu wa Injili tu, hana daraja lolote kanisani. Chifu Tabaro hakumtaka. Watu walikatazwa kumpa chakula, na alipigwa. Dada yake chifu alipokufa kwa kuchomwa na mkuki, lawama ikamwangukia Apolo, akafungwa na kupelekwa Toro gerezani. Alisimulia kwamba huko kifungoni Kristo alimtokea, akamwambia asiogope, yuko pamoja naye. Ni jibu lile lile alilopewa Musa. Alipoachiliwa akarudi kwa watu wale wale wa Mboga. Ushemasi aliupata mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903, yaani kazi ilitangulia na daraja likafuata. Tabaro mwenyewe alibatizwa. Alipokaribia kufa, mwaka 1933, Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu upande huo ndiko uliko msitu wa Kongo na watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.

Karibuni mchangie. Wenye maswali ulizeni, nitajibu kadiri nitakavyojaliwa.

#2 – Mchangiaji, Malindi

Asante mtumishi kwa somo. Mimi niko Malindi na nataka kusema lililo moyoni. Huku kwetu mtu akisema "Mungu ameniita, Mungu amesema nami" sisi tunaingiwa na baridi. Tuliona ya Shakahola mwaka 2023. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni, watu walifunga hadi kufa, watoto wadogo wamo. Aliyewaongoza pia alisema ni sauti ya Mungu. Sasa mkiendelea kuwaambia watu wasiangalie sifa, waende tu, hamuoni mnafungua mlango huo huo?

#3 – Mleta uzi

Dada yangu wa Malindi, pole sana kwa uchungu wa majirani zako. Swali lako ndilo linalofanya nisiridhike na lile jibu la haraka, na sitalikwepa.

Yeremia 23 inasema wapo manabii waliokimbia wala Mungu hakuwatuma. Kwa hiyo jambo hili si geni, na Maandiko hayalifichi. Mimi nayatazama mambo mawili. La kwanza, uhai unaelekea wapi? Musa alitumwa ili watu watoke kwenye mateso. Yesu anasema mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo. Ukiona kondoo ndio wanaotoa uhai, mali, ndoa na watoto wao kwa ajili ya mchungaji, ondoka hapo, na uwasaidie wengine kuondoka. La pili, nani anaweza kumwambia "hapana" akasikia? Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia. Petro, mtume! Mtu anayesema ameitwa na hana hata mmoja anayeweza kumkemea, mwogopeni, hata kama anaombea wagonjwa wakapona.

Ndiyo maana nimeandika "mwambie mtu". Sikuliandika kama ushauri mdogo wa pembeni. Wito usiotaka kupimwa na wengine ni hatari kwa watu.

#4 – Mchangiaji, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, niongeze kutoka upande wetu. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, alihangaika sana na Kilatini seminarini, na masomo wakati ule yalikuwa kwa Kilatini. Alishindwa mitihani. Paroko wa Écully, Padre Balley, ndiye aliyemfundisha na kumtetea kwa wakubwa. Akapewa upadre mwaka 1815, na mwaka 1818 akapelekwa Ars, kijiji kidogo cha watu mia mbili na ushee. Hadi anafariki mwaka 1859, watu walikuwa wanamiminika Ars kutoka pande zote za Ufaransa kuja kuungama kwake, naye akikaa kitubioni saa nyingi kwa siku. Kanisa lingeangalia Kilatini peke yake lingempoteza.

#5 – Mchangiaji, Mbeya

Umenena vema hapo juu. Ndiyo maana mimi nasema vyuo vya theolojia vinazima moto. Mtu anaingia na upako anatoka na cheti. Mitume walisoma wapi? Roho Mtakatifu anatosha. Amosi alikuwa mchunga mifugo.

#6 – Mleta uzi

Ndugu wa Moshi, asante sana kwa habari za Padre Balley. Alikuwa Eli wa Vianney.

Ndugu wa Mbeya, hapa sikubaliani nawe, na nasema kwa upendo. Rudi kwa huyo huyo Vianney: hakuambiwa aache masomo kwa sababu ana moto. Alikalishwa chini akafundishwa, kwa shida, mpaka akaweza. Mitume unaowasema walitembea na Bwana mchana na usiku kama miaka 3, wakisikia, wakiuliza, wakikemewa. Hicho ni chuo! Amosi alitoka kwenye mifugo, ndiyo, lakini soma kitabu chake uone alivyoijua sheria na alivyojua yanayotendeka kwa mataifa ya jirani. Mchunga mifugo hakuwa mtu asiyejifunza.

Kujiona hufai kuna sehemu mbili, na inafaa kuzitenganisha. Kuna lile ambalo hakuna chuo kitakachokupa: kustahili mbele za Mungu. Hilo ni neema, hata askofu hana. Na kuna lile ambalo unaweza kujifunza: kusoma Maandiko kwa uangalifu, kumsikiliza mfiwa bila kumwongezea jeraha, kutunza fedha za sadaka, kujua ni lini mgonjwa apelekwe hospitali. Ukikataa kujifunza hayo halafu ukasema "Roho atanifundisha", watakaoumia ni wale watu uliotumwa kwao. Rwanda walitunga sheria mwaka 2018 inayodai mtu anayeliwakilisha kanisa kisheria awe na elimu ya dini ya chuo. Unaweza usipende serikali iingie huko, mimi pia nina wasiwasi nalo. Lakini tujiulize ni nini kilichofanya serikali ione inahitajika kuingia.

Kwa wale wasio na uwezo wa chuo: shule za Biblia za muda mfupi zipo katika dayosisi nyingi, kuna masomo ya jioni, na kuna mchungaji wako mwenye vitabu kwenye kabati. Omba kimoja. Kisome kiishe, kirudishe, omba kingine.

#7 – Mchangiaji, Mwanza

Shalom. Mimi ni muuguzi. Nimekuwa na mzigo wa kuwaombea wagonjwa, na kweli naona Mungu anatenda. Washirika wenzangu wananiambia hiyo ni dalili niache kazi nikaanzishe huduma. Mimi sijui kuhubiri, nikisimama mbele za watu nasahau hata jina langu. Najisikia vibaya kwamba namkatalia Mungu.

#8 – Mleta uzi

Binti yangu, nifurahi kwanza na wewe kwa mzigo huo. Kisha nikuulize: hao watu Mungu aliokuonyesha wako wapi? Wako wodini. Sasa ukiacha wodi utakuwa umekwenda kwao au umewaacha?

Sisi watu wa kanisa tuna kosa la kudhani kila wito unaishia madhabahuni. Josephine Bakhita, mtoto wa Darfur aliyetekwa akauzwa utumwani mara kadhaa, alipopata uhuru wake kule Italia mwaka 1889 alijiunga na masista Wakanosa. Maisha yake yaliyobaki, huko Schio, alipika, alishona na kudarizi, alitunza vitu vya kanisani, alikuwa bawabu wa mlangoni. Watoto na maskini waliobisha hodi walimkuta yeye. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki likamtangaza mtakatifu. Hakuitwa kuwa mhubiri, na hakuna aliyemwambia kwamba mlangoni ni mahali pa kusubiria wito mkubwa zaidi.

Kuna wanaoitwa kuacha kazi, sipingi. Petro aliacha nyavu. Lakini mwenye kukuambia uache kazi awe ni yule aliyekuita, na alithibitishe kwa watu wenye hekima wasio na faida yoyote katika uamuzi wako. Hao wanaokusukuma waulize nani atawatunza watoto wako mwezi wa kwanza bila mshahara. Kama hawana jibu, endelea na zamu yako, na omba kimyakimya kitanda kwa kitanda, kwa ruhusa ya mgonjwa.

#9 – Mchangiaji, Iringa

Bwana asifiwe Baba Mwinjilisti. Nimesoma uzi wote nikilia. Mimi ni mama, mume wangu aliniacha na watoto, shule niliishia darasa la saba. Mtaani kwetu kuna mabinti waliozaa wakiwa bado shule, wanafichwa majumbani, hawaji kanisani kwa aibu. Usiku siwezi kulala kwa ajili yao. Nimekuwa nikisema, Bwana, tafuta mwenye ndoa yake nzuri, mimi nitawaambia nini? Uliposema "ni watu gani" nikajua jibu. Lakini nimwambie nani kwanza? Naogopa baraza la wazee watasema mwanamke aliyeachwa atamfundisha nani.

#10 – Mleta uzi

Mama yangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi, na kama ni mdogo kwangu pokea heshima yangu hivyo hivyo.

Umewataja watu wako kwa mistari miwili, na hukujitaja kama mwalimu. Umetaja usingizi unaokupotea kwa ajili yao. Nimesoma mara kadhaa ulichoandika, na sioni mahali unapojitafutia jina.

Kuhusu kuachwa kwako, nitasema kwa uangalifu kwa sababu ni kidonda. Sikwambii kwamba Mungu alikuacha upite hayo ili uje uwafae mabinti hao. Sijui hivyo, wala mtu asikwambie hivyo. Ninachokijua ni kwamba binti anayejificha kwa aibu atakufungulia mlango wewe kabla hajanifungulia mimi na kola yangu.

Usianze na baraza la wazee. Baraza linataka jambo lenye sura, na wewe bado huna. Anza na mama mmoja wa umoja wa wanawake hapo usharikani, yule ambaye watu wakimweleza siri haitoki. Unamjua ni nani. Mweleze kama ulivyotueleza hapa, kisha mwombe muende wawili. Yesu aliwatuma wawili wawili. Nendeni nyumba moja, msalimieni mama wa binti kwanza, mbebeni mtoto, msihubiri siku hiyo. Ulizeni tu binti anaendeleaje na kama angependa kurudi shule, maana tangu mwishoni mwa 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, na wazazi wengi wa vijijini bado hawajui. Habari hiyo peke yake ni msaada mkubwa.

Mkishakwenda nyumba kadhaa, mwende kwa mchungaji mkiwa wawili, mkiwa na majina ya mabinti na mahitaji yao. Mzee wa kanisa akiuliza mwanamke aliyeachwa atamfundisha nani, mchungaji atakuwa na cha kumjibu. Sisi Walutheri nchini tulichelewa hadi mwaka 1990 kukubali wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, na leo wapo sharika nyingi wakihudumu Meza ya Bwana. Wazee hubadilika wakiona kazi.

Na ukifika huko ukajikuta huna la kusema, usiogope. Mwachie mwenzako aseme, wewe mshike binti mkono. Niandikie hapa au inboksi ukishatoka nyumba ya kwanza, nataka kujua wamepokeaje, na kama kuna binti anayetaka kurudi shule tuone wapendwa humu tutachanga vipi daftari na sare.